Mfumo Unaoijua Risiti Kuliko Mgonjwa

Mwezi uliopita nilimsindikiza shangazi yangu katika hospitali moja ya rufaa. Ana umri wa miaka 71, ana kisukari, na siku hiyo alikuwa amepewa barua ya rufaa na kituo cha afya cha kata yake baada ya kizunguzungu kumzidi hata akashindwa kusimama. Tulifika saa mbili na dakika kumi asubuhi. Kijana wa mapokezi aliipokea barua, akaisoma, akakitazama kioo cha kompyuta yake, kisha akaniambia kwa upole kabisa: "Mzee wangu, mfumo uko chini. Naomba mkae pale kwenye benchi."

Tukakaa. Mfumo ukiwa chini, mapokezi hawawezi kumfungulia mgonjwa faili. Bila faili, dirisha la malipo haliwezi kutoa kumbukumbu namba. Bila malipo, jina la mgonjwa haliingii katika foleni ya daktari, kwa kuwa foleni yenyewe imo ndani ya mfumo. Daktari tulikuwa tunamwona. Mlango wake ulikuwa wazi, naye ameketi akitazama kioo kisicho na jina hata moja. Hatua kumi na mbili zilimtenga na shangazi yangu, lakini kwa mujibu wa kompyuta yake asubuhi hiyo hapakuwa na mgonjwa.

Aliyetunusuru ni muuguzi aliyekuwa akipita na sinia la dawa. Alimtazama bibi, akasimama, akamgusa paji la uso. "Mama, umekula nini tangu jana?" Hakungoja jibu. Alikwenda akarudi na kipima sukari, akamtoboa kidole, kipimo kikasoma 24. Akaniomba daftari. Kila mgonjwa wa nchi hii analijua daftari hilo: daftari la shule la kurasa arobaini, lenye jedwali la kuzidisha nyuma yake, ambalo hununuliwa dukani nje ya geti la zahanati. Shangazi anayo matatu, na ndiyo historia yote ya ugonjwa wake kwa miaka tisa. Muuguzi aliandika kipimo, saa na sahihi yake, akamshika shangazi mkono akampeleka ndani kwa daktari bila namba, bila risiti, bila foleni. Yaani ili mgonjwa ahudumiwe ilibidi mtumishi mmoja mwadilifu avunje utaratibu. Mfumo ulirejea saa sita na nusu. Jambo la kwanza uliloliuliza ni fedha ya kumwona daktari.

Sitaitaja hospitali hiyo wala programu inayoitumia, kwa sababu kisa hiki si cha hospitali moja, na sitaki mkurugenzi fulani aitishe kikao cha kumtafuta muuguzi wangu. Ninachotaka kusema ni kwamba siku ile hakuna kilichoharibika. Umeme ulikatika, seva ikazimika, na mengine yote yakaenda sawasawa na yalivyobuniwa. Mtu fulani, katika chumba fulani, aliamua kwamba malipo yawe mlango na matibabu yawe chumba cha ndani, na kwamba mlango ukigoma kufunguka hakuna dirisha. Uamuzi huo una wenyewe. Nalazimika kukiri kwamba huenda nami ni mmoja wao.

Nafundisha mifumo ya taarifa chuoni, na miaka kadhaa iliyopita nilialikwa katika kikao cha kukusanya mahitaji ya mfumo wa hospitali. Kilifanyika hotelini, kwa siku tatu. Walikuwapo wahasibu, maafisa wa TEHAMA, maafisa mipango, wawakilishi wa mfadhili, na walimu kama mimi ambao huitwa ili karatasi iwe na jina la chuo. Muuguzi alikuwa mmoja, na hata yeye alikuja kumwakilisha bosi wake aliyekuwa safarini. Siku ya kwanza yote tulijadili aina za malipo, viwango, stakabadhi na ripoti za mapato. Siku ya pili, kabla ya chakula cha mchana, yule mama alinyoosha mkono akauliza: "Usiku nakuwa peke yangu na wajawazito watano. Atakayebonyeza ni nani?" Watu wakacheka kidogo. Mwenyekiti alimshukuru kwa mchango mzuri. Kwenye muhtasari swali lake liliandikwa hivi: mafunzo zaidi yatolewe kwa watumiaji. Nilisaini karatasi ya posho, nikapanda basi kurudi nyumbani.

Swali la mama yule lilikuwa mahitaji halisi kuliko yote yaliyoandikwa siku zile tatu, nasi tuliligeuza kuwa upungufu wake yeye. Huu ndio ugonjwa wenyewe. Mtumishi akisema kazi haiwezekani, tunasikia kwamba hajui kompyuta.

Richard Heeks wa Chuo Kikuu cha Manchester, aliyechunguza kwa miaka mingi sababu za mifumo ya namna hii kuanguka, anazungumzia pengo lililopo baina ya mfumo ulivyobuniwa na hali halisi ya mahali unapopelekwa. Pengo likiwa pana, mfumo hufa au watu huuzunguka. Wanafunzi wangu hulikariri pengo hilo kwa ajili ya mtihani. Ningependa walione wodini. Muuguzi wa zamu ya usiku anajaza kitabu namba 12 cha MTUHA kwa kila mama anayejifungua. Anajaza partografu, kama muda upo. Anajaza faili. Palipo na kompyuta anaingiza taarifa zilezile mara nyingine, na palipo na mradi wa mfadhili kuna rejista ya mradi pia, yenye safu zake na rangi zake. Mwisho wa mwezi anahesabu vijistari vyote kwa kidole na kujaza fomu ya muhtasari. Mtoto ni yule yule mmoja, ameandikwa mara nne au tano, na tunashangaa kwamba hesabu hazilingani.

Hizo taarifa huenda wapi? Hupanda. Zahanati hupeleka wilayani, wilaya huingiza katika DHIS2, mkoa husoma, wizara husoma, mfadhili husoma. Kushuka ni nadra. Nimewauliza wauguzi wengi wa zahanati kama wamewahi kuona mchoro uliotokana na takwimu walizozituma wenyewe, na wengi hunitazama kama niliyeuliza kama wamewahi kuonana na waziri. Jambo la pekee lililowahi kuwafaa ni ile chati ya chanjo iliyobandikwa ukutani, ambayo muuguzi huichora kwa mkono kila mwezi, mstari ukipanda au ukilala. Chati ile haikuhitaji umeme, na mama mwenye mtoto mgongoni aliweza kuuliza: mbona mwezi wa tano mstari umelala?

Inauma zaidi ukijua DHIS ilikotoka. Ilizaliwa Cape Town katika miaka ya tisini, ubaguzi wa rangi ulipoanguka. Utawala ule ulikuwa umezigawa huduma za afya kwa rangi na kwa vile vilivyoitwa nchi za Waafrika, kila idara na fomu zake, hata ikawa haiwezekani kujua hali ya afya ya wilaya moja nzima. Wanaharakati wa afya wa Afrika Kusini, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo akiwamo Jørn Braa, walianza na wazo la kisiasa kabla ya kuandika programu: takwimu zipunguzwe zibaki zile za lazima, na wa kwanza kuzitumia awe yule anayezikusanya. Tanzania tuliipokea. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki tangu mapema katika mtandao huo wa watafiti. Kenya waliisambaza nchi nzima mwaka 2011. Leo inatumika katika nchi nyingi za Afrika na Asia. Programu tumeichukua, na lile wazo la kwanza tumeliacha uwanja wa ndege. Chombo kilichobuniwa ili wilaya ijitazame tumekigeuza bomba la kupandisha taarifa.

Na bomba hilo likifungiwa fedha mwishoni, mambo huharibika zaidi. Mwaka 2011 mkoa wa Pwani ulianza jaribio la kuvilipa vituo bakshishi kwa kufikia malengo, na mwaka 2015 wilaya ya Kishapu ikawa ya kwanza katika mpango mwingine wa malipo kwa matokeo. Sisemi watumishi wa huko walighushi. Wengi walifanya kazi kwa bidii, na nia ya mpango ilikuwa njema, ikiwa ni pamoja na uhakiki wa takwimu kabla ya malipo. Nasema kwamba kuanzia siku rejista inapokuwa hundi, haiwezi tena kuwa kioo. Mtu hajitazami usoni kwa karatasi atakayolipwa nayo. Mganga mfawidhi ambaye angependa kuandika kwamba mwezi huu kina mama wengi wamejifungulia nyumbani kwa sababu daraja limechukuliwa na mto, anajua kwamba sentensi hiyo haina safu kwenye fomu, na kwamba ile namba ndogo itamletea simu ya ukali kutoka wilayani.

Najua nitakavyojibiwa, maana nimeshajibiwa hivyo mara nyingi: mwalimu, mapato yameongezeka. Ni kweli. Hospitali nyingi zilikuwa zikiibiwa mchana kweupe kwa vitabu vya risiti vilivyochapishwa mtaani, na mfumo wa malipo umeziba mianya mingi. Sitamani hata kidogo kurudi huko. Tena niseme na jambo jingine la haki: kwamba tumeweza kuandika wenyewe programu kama GoT-HoMIS, chini ya TAMISEMI, ikawa mali ya Serikali badala ya kukodishwa kutoka ng'ambo, ni heshima kwa vijana wetu, na nitalirudia jambo hili hapa chini. Lakini hoja ya mapato inajibu swali ambalo mgonjwa hakuuliza. Kuongezeka kwa makusanyo ni kipimo cha dirisha la malipo. Wodi ina vipimo vyake. Je, daktari wa zamu anaona dawa alizopewa mgonjwa jana katika kituo kilichompa rufaa? Je, mama aliyepoteza mimba mbili anatambulika anapofika na ya tatu? Shangazi yangu alifika na barua ya karatasi na madaftari matatu, kati ya vituo viwili vyenye kompyuta.

Tazameni msamaha. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inatambua kwamba wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wasiojiweza wa miaka 60 na zaidi wahudumiwe bila malipo. Kwenye karatasi hilo ni haki. Kwenye kompyuta nilizoziona, hilo ni kitufe, na kitufe hicho kiko kwenye akaunti ya afisa ustawi wa jamii, na afisa ustawi wa jamii huondoka saa tisa na nusu alasiri. Kuanzia hapo hadi asubuhi, na Jumamosi na Jumapili, mzee fukara hana msamaha, kwa kuwa aliyebuni mfumo hakuwaza kwamba umaskini hufanya kazi zamu ya usiku. Bunge halikuubadilisha mpango huo. Waziri hakusaini waraka. Sera ya taifa ilirekebishwa na mtu aliyepanga ruhusa za watumiaji katika jedwali, pengine bila kujua kwamba anatunga sera. Ninyi watumishi wa umma mnaonisoma, hasa mlio katika vitengo vya TEHAMA, naomba mlitafakari hilo: jedwali lenu la ruhusa ni waraka wa Serikali.

Kuna faragha pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Sasa nendeni wodini. Nimeona nywila ya sista mkuu imebandikwa kwa plasta pembeni ya kioo, na wodi nzima inaitumia, pamoja na wanafunzi wa mazoezi. Nilipouliza, niliambiwa kwamba akaunti zilizotolewa ni mbili na watumishi ni kumi na wanne. Yule anayewalaumu wauguzi hao awaeleze kwanza wangemhudumia nani wakingoja akaunti. Katika mji mdogo, ambako karani wa kompyuta ni jirani yako na shemeji yake anasali nawe, mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi huogopa kioo hicho kuliko anavyoogopa sindano. Wapo wanaopanda basi kwenda kuchukua dawa wilaya ya tatu. Hao kwenye takwimu huonekana kama watoro.

Wala tusidhani kwamba fedha nyingi zitatuokoa. Uingereza ilianzisha mwaka 2002 mpango wa kitaifa wa kuunganisha kumbukumbu za wagonjwa wote wa England, na makadirio ya gharama yakavuka paundi bilioni 12. Ulibuniwa juu, mikataba mikubwa ikagawiwa kwa makampuni machache, madaktari waliambiwa wangeukuta umekamilika. Septemba 2011 Serikali ilitangaza kuuvunja. Vipande vilivyofaa vilibaki, lakini ile ndoto ya faili moja kwa kila mgonjwa haikutimia. Waganda walikabiliwa na tatizo la upande mwingine: badala ya mradi mmoja mkubwa, utitiri wa vimradi vya majaribio, kila mfadhili na simu zake na programu zake, visivyozungumza lugha moja. Januari 2012 wizara yao ya afya ilisimamisha miradi yote ya namna hiyo mpaka ipate kibali cha wizara. Walilaumiwa kwa kuzuia ubunifu. Mimi nauona waraka ule kuwa miongoni mwa maamuzi ya busara zaidi yaliyowahi kufanywa katika fani hii Afrika Mashariki.

Kisha kuna Kenya, ambako somo bado lina moto. Oktoba 2024 mfuko wa NHIF uliwapisha SHA, na huduma zote zikahamishiwa katika mfumo mpya wa kidijitali ambao gharama yake imetajwa kuwa zaidi ya shilingi bilioni 104 za Kenya. Mwaka 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, ilibainisha kwamba Serikali haiumiliki mfumo huo. Msomaji, isome tena sentensi hiyo taratibu. Walipa kodi wanalipa, wagonjwa wanaweka humo magonjwa yao yote, na mwenye mali ni mwingine. Mikataba ya aina hii haivunjiki kirahisi, kwa sababu siku utakayotaka kuachana na mkandarasi atakuuliza: na wagonjwa wako utawapeleka wapi?

Nalitaja hili kwa sababu nasi tuko mlangoni. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 haiwezi kutekelezwa bila mfumo mkubwa wa kuwatambua wanachama, kupokea madai ya vituo na kuyalipa. Mfumo huo utakuwa mkubwa kuliko wowote tuliowahi kuufunga katika sekta ya afya, na utaamua, kwa kila Mtanzania, ni nani anatibiwa na nani anakaa kwenye benchi. Nani anamiliki msimbo wake? Taarifa zitahifadhiwa katika seva za nani? Umeme ukikatika, utaratibu wa karatasi ni upi, na je, umeandikwa ndani ya mkataba au umeachiwa huruma ya muuguzi mwenye sinia? Madai ya kituo cha kijijini yakikataliwa na kompyuta, nani mwenye mamlaka ya kuibishia? Ndugu zangu wanaharakati, mmezoea kupigia kelele bajeti na bei za dawa. Ombeni mkataba. Ombeni na waraka wa mahitaji, ule mkavu wenye majedwali ambao hakuna anayeusoma. Maamuzi yote yamo humo.

Nanyi wanafunzi, ambao kila mwaka mnaniletea mapendekezo ya kubuni programu ya simu ya kumkumbusha mgonjwa kumeza dawa: kabla sijapokea pendekezo lolote mwaka huu, nataka kuona hati ya mganga mfawidhi inayoonyesha kwamba mmekaa usiku mmoja, tangu saa mbili hadi saa moja asubuhi, katika wodi ya wazazi ya kituo chochote. Msiulize maswali. Hesabuni tu ni mara ngapi muuguzi anaacha mgonjwa ili aandike. Baadhi yenu mmelalamika kwa mkuu wa idara kwamba hilo halimo katika mtaala, na mna haki, halimo.

Wiki mbili zilizopita nilipokea tena mwaliko wa kikao cha mahitaji, safari hii cha mfumo mwingine, katika hoteli nyingine. Nilijibu kwa barua kwamba nitakuja kwa furaha iwapo wataalikwa pia wauguzi sita wanaofanya zamu za usiku katika vituo vya afya na zahanati, walipwe posho sawa na yangu, na siku ya kwanza iwe yao. Juzi nilipigiwa simu. Mratibu, kijana mstaarabu ambaye niliwahi kumfundisha, aliniambia kwamba wazo ni zuri sana na wamelipokea, ila orodha ya washiriki imeshaidhinishwa na bajeti imefungwa. Akaniuliza kama ningependa kuanza na aina za malipo au ripoti za mapato.